Shikamoo Niliyokulazimisha

Mabatini, jioni

Kashinje mwanangu,

Umekwenda kunyoa. Umeondoka umenuna, unasema nywele ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kukubali, halafu shule inataka kichwa kama yai. Nimekucheka mbele ya mkubwa wako Shija, ukazidi kununa. Ulipopinda kona pale kwa muuza mkaa nimesogeza cherehani, nimepangusa vumbi la chaki kwenye meza ya kukatia vitambaa, na hapa ndipo ninapoandikia. Kinyozi wenu yule ana maneno mengi kuliko mashine yake, kwa hiyo nina muda.

Habari za ndoo, godoro, kandambili na sabuni za bwenini sizigusi. Tumeshagombana vya kutosha juu ya godoro. Wala sikuambii usome kwa bidii, maana hilo hujawahi kunisumbua tangu darasa la kwanza. Nataka kukuandikia juu ya simu. Nakuona kabisa unavyovuta mdomo: "Mama naye na simu zake!" Vuta tu, lakini soma. Sikuandikii kukukaripia. Naandika kwa sababu naogopa, mwanangu. Naogopa sana, na hofu yangu ina sababu mpya ambayo nimekuficha wiki hii yote. Nitakufikisha hapo, ila lazima nipitie nyuma kwanza, kwa sababu ile habari ya mjomba wa uongo wewe unaijua kwa upande wako tu. Upande wangu sijawahi kukupa wote. Nilikupa ile nusu isiyoniaibisha.

Unajua kwamba baba yako alipofariki tuliondoka Magu tukaja hapa mjini, mimi na cherehani na ninyi wanne. Watu wa hapa ni wazuri, siwasemi vibaya. Lakini hapa mimi ni fundi. Ni Mama Kulwa. "Mama Kulwa, sketi ya mwanangu iko tayari?" Basi, imeisha hiyo. Kule kwetu mtu mzima hakusalimii akapita. Anakuamkia, anakuuliza wewe ni mwana wa nani, unamtaja baba yako, naye anakuamkia upya kwa jina la baba yako, polepole, kama hana kazi nyingine siku hiyo. Ng'wana Masanja, mwadila. Wewe umekulia mjini, unaona ni mbwembwe za wazee. Mimi nilikuwa na miaka sijaitwa ng'wana Masanja na mtu yeyote, na nilikuwa na hamu hiyo bila mwenyewe kujua.

Ndipo Kulwa akaniingiza kwenye lile kundi la ukoo la kwenye simu. Furaha yangu unaikumbuka, nilikuwa nashona huku simu imelala mapajani. Kundi lile lilikuwa na watu wengi kuliko harusi, na linki yake ilikuwa inapita mkono kwa mkono, anayetaka anaingia. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ameingiaje. Utamuulizaje mtu anayekuita ndugu yake? Ungeonekana una roho mbaya.

Mchana mmoja simu ikalia, namba ngeni. Sauti ya mwanamume, ya taratibu. "Mwadila, mayu." Ndiyo salamu yetu ya mchana kwa mama; nikaitikia. Akaniuliza, kwa Kisukuma kilichonyooka, mimi ni mwana wa nani. Kashinje, mtu akikuuliza hivyo kwa adabu ile, mdomo unajibu wenyewe. Nikasema mimi ni ng'wana Masanja. Akaniamkia tena kwa jina la baba. Niliacha kukanyaga cherehani. Nikamtajia babu zangu wote wawili, yule mkubwa na yule mdogo, nikamtajia bibi aliyenilea na kijiji alikotoka. Yeye alikuwa anasema tu, "Eeh. Eeh, kumbe!" Mwisho akasema, "Basi sisi ni ndugu, dada yangu. Baba yangu na baba yako ni mtu na mdogo wake." Nikikumbuka sasa, hakutaja jina hata moja ambalo sikuwa nimelitaja mimi kwanza. Yote nilimpa mimi, akawa ananirudishia moja moja, na mimi napokea kama zawadi.

Halafu alizungumza kama watu wa nyumbani, ile r imegeuka l. "Nimefulahi sana, dada." Ninyi watoto mnanicheka mpaka machozi nikisema "kalibu" mbele ya wateja. Yeye alisema "kalibu" na mimi nikalainika.

Akawa anapiga mara kwa mara. Akaulizia watoto. Nikasema ninao wanne. "Mapacha, halafu?" Halafu Shija, halafu Kashinje. Kwa kweli hata nisingesema. Jina lako lenyewe linatuanika: mtu wa kwetu akisikia Kashinje, anajua juu yako yupo Shija, na juu ya Shija wapo mapacha, Kulwa na Doto. Lakini mimi sikuishia hapo. Nikamwambia shule uliyokuwa unasoma, nikamwambia una kichwa cha hesabu, nikamwambia na lile jina la nyumbani, Nyanya, kwa ajili ya mashavu yako. Na wiki hiyohiyo nikaposti picha yako umevaa sare mpya niliyoishona kwa mkono wangu, beji inasomeka vizuri kabisa, ili watu waone mshono. Jamani, mshono! Nilikuwa natafuta wateja.

Sasa hapa ndipo penye lile linaloniamsha usiku. Alipokuandikia wewe kwenye ile simu yangu ya zamani niliyokupa ya kujisomea, ulikuja kuniambia. Ulikuja mara moja, hukuchelewa. Ulisimama hapohapo mlangoni, begi bado mgongoni.

"Mama, kuna mtu ananiita Nyanya. Simjui."

"Humjui kwa sababu hujakaa kwetu. Huyo ni mjomba wako."

"Nimemjibu lakini. Nimemwambia nzuri."

"Nzuri! Mjomba wako unamjibu nzuri kama konda? Hebu lete hiyo simu."

Nikampigia mwenyewe. Nikakuwekea simu sikioni. Ulinitazama, nami nikakukazia macho, yale macho unayoyajua, mpaka ukasema, "Shikamoo, mjomba." Nilisikia sauti yake ikitoka humo ndani: "Malahaba, Kashinje, mjomba amefulahi." Nami nikatikisa kichwa, nimeridhika, mtoto wangu ana adabu.

Ulikuwa umeshamkataa, Kashinje. Akili yako ilishakuambia huyu mtu ana walakini, na ulifanya kile ambacho kila mzazi anaomba mtoto wake akifanye, ulimkimbilia mama. Mama akakurudisha kwake na shikamoo juu. Polisi waliponiuliza baadaye ilikuwaje, sehemu hiyo niliiruka. Kwa Kulwa na Doto niliiruka pia. Wewe ulikuwepo, unaijua, na hujawahi kunisuta nayo hata siku moja tukigombana. Mara nyingine natamani ungenisuta.

Yaliyofuata ulinieleza baadaye kwa vipandevipande. Kwamba alianza kwa kukusaidia hesabu. Kwamba alikutumia bando ili usikose kusoma. Kwamba alitaka picha ukiwa na sare, eti akamwoneshe mke wake, nawe ukatuma kwa sababu ni mjomba na mama anamjua. Kwamba akakuambia usinisumbue na maongezi yenu, mama yako ana presha. Mimi presha! Mimi niliyekuwa nabeba majora ya vitambaa kutoka sokoni kichwani. Na kwamba alipotaka mkutane stendi ukakataa, akabadilika, akakutumia picha ya kutengeneza, uso ni wako na mengine yote si yako, akasema atairusha kwenye kundi la ukoo wote waione.

Na mimi nilikuwepo nyumba hiyohiyo. Niliona simu yako inalala kifudifudi. Niliona ukipewa ugali na dagaa unakula matonge mawili unasukuma sahani. Simu ikitetemeka mezani unashtuka mpaka uji unamwagika. Nikasema kwa jirani, "Huyu kashaanza ujana." Tukacheka. Ningeweza kukuuliza swali moja tu la upole, sikuuliza.

Siku uliyoniambia nilikuwa napiga pasi sare za watoto wa watu. Ulinipa simu, ukasema, "Mama, soma." Nikasoma kidogo tu. Kashinje, naomba unisamehe kwa kile nilichosema kwanza, maana nakisikia mpaka leo. Sikusema pole. Sikusema njoo hapa. Nilisema, "Umetuma picha gani wewe?" Kwa ukali. Nawe ukanijibu polepole, bila hata kulia, "Mama, si ulisema ni mjomba?"

Nikaiweka simu chini sakafuni nikaipiga kwa pasi ya mkaa, makaa yakaruka, Shija akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Nikapiga mpaka ikawa vipande. Mwenyewe nilidhani nampiga yeye. Kesho yake tulipokwenda kituoni, kwenye lile dawati la jinsia na watoto, yule afande wa kike alikuwa mpole sana kwako, ulimpenda. Akauliza simu iko wapi. Nikatoa mfuko, nikamwaga vioo mezani. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama, haya maneno aliyoandika ndiyo yangetusaidia kumpata." Namba yenyewe niliyokuwa nayo mimi ilikuwa imeshafungwa. Ikaishia hapo, na yule mtu akabaki huko aliko, hajashikwa.

Kwa hiyo kama kuna mtu asiyestahili kukufundisha matumizi ya simu katika mkoa huu wa Mwanza, ni mimi. Nakuambia tu niliyoyaona. Ukitishwa, usifute chochote, wala usimpe mtu mwenye hasira kama mama yako aifutilie mbali. Iache ilivyo, usimjibu, peleka kwa mtu mzima mwenye kichwa kilichotulia. Na picha aliyoitengeneza mtu mwingine ni aibu ya huyo aliyeitengeneza. Nilichelewa kukuambia hilo, ukakaa nalo kama lako.

Kuna jambo jingine nililolifanya ambalo hata wewe hulijui. Baada ya yote yale nilijitoa kwenye kundi la ukoo kimyakimya. Sikumwambia mtu. Niliogopa wangeanza, "Yule mtoto wa ng'wana Masanja, umesikia?" Nilikuwa nalinda jina lako, ndivyo nilivyojiambia. Kumbe nilimwachia nafasi yake. Mimi nimetoka, yeye amebaki humo, anasoma misiba yetu na harusi zetu, na watoto wa ndugu zangu wanamwamkia.

Sasa nimefika.

Jumanne, wakati wewe na Shija mmekwenda kununua tranka, simu yangu ililia. Namba ngeni. "Mwadila, mayu."

Mguu uliganda juu ya cherehani. Nilitaka kukata. Nilitaka kuitupa barabarani ikanyagwe na bajaji. Sijui nguvu niliitoa wapi, nikamwuliza kwa Kisukuma, taratibu kama yeye, "Wewe ni mwana wa nani?"

Akanitajia. Akamtaja baba yangu. Akawataja babu zangu wawili, akamtaja bibi na kijiji chake. Mwanangu, aliwataja kwa mpangilio uleule niliompa mimi siku ile, hata pale nilipokosea. Siku ile, kwa furaha, nilimtanguliza babu mdogo kabla ya babu mkubwa, jambo ambalo mtoto yeyote wa ukoo wetu hawezi kulifanya bila kuchapwa. Na yeye alimtanguliza mdogo. Wazee wangu waliokufa walikuwa kinywani mwa yule mtu, na mimi ndiye niliyewaweka humo.

Akaendelea, mtamu vilevile. "Nasikia mwanetu Nyanya anakwenda bweni. Hongela sana, dada. Eti siku za kutembelewa ni lini?"

Nikamwambia, "Wewe si ndugu yangu. Nakujua. Hii namba naipeleka polisi."

Halafu akaongea Kiswahili cha mjini kabisa, r zote zimenyooka. "Mama, punguza kelele. Shule naijua." Akakata.

Sijui kama umewahi kumsikia mtu akivua sauti yake hivyo. Mimi tangu Jumanne siwezi kula vizuri, ndiyo maana umeniona nakusukumia wewe samaki wote.

Nimeshajua alijuaje. Mjomba wako wa kweli, kaka yangu Lukasi, kwa furaha yake aliandika kwenye kundi kwamba Kashinje wetu amechaguliwa kidato cha tano, akataja na shule. Hana kosa. Hakujua, kwa sababu sikumwambia. Juzi nilimpigia nikamweleza yote tangu mwanzo, hata ile shikamoo, kama mtoto anayekiri kuvunja chungu. Aliniuliza tu, "Dada, miaka yote hiyo umelibeba hili peke yako?" Kundi amelifunga. Anafungua jipya, na haingii mtu mpaka mzee mmoja wa ukoo awe anamjua kwa sura. Na unajua nini? Shangazi wawili wameshampigia Lukasi kusema na wao wana "ndugu" kama huyo, anawapigia, anaulizia wasichana wao. Ningesema mapema, Kashinje. Ningesema tu.

Safari hii simu sikuivunja. Namba niliiandika, ile orodha ya simu zilizoingia nikaipiga picha, nikaenda kituoni siku ileile. Yule afande bado yupo, na amekukumbuka. Ameniambia safari hii wana pa kuanzia. Shuleni nako nimezungumza na matroni kwa simu, na kesho nitamweleza ana kwa ana. Watakaoruhusiwa kukuona ni mimi na Kulwa. Akija mtu getini akasema ni mjomba, akakutajia jina la bibi, akakuita Nyanya, akaongea Kisukuma mpaka ndege wakaanguka, usitoke. Lukasi mwenyewe akija, usitoke. Ameshakubali, amesema hatakasirika.

Na hapa nikuombe jambo ambalo litamshangaza kila anayenijua. Usimwamkie mtu usiyemjua kwenye simu. Mkubwa au mdogo, shekhe au padri, mwache aone huna adabu. Akisema mtoto gani huyu hana heshima, mwambie mama yangu ndiye aliyenifundisha. Heshima mpe mtu unayemwona, ambaye na sisi tunamwona. Anayeudhika kwa sababu umemwuliza wewe ni nani, kata.

Najua shuleni simu hairuhusiwi. Najua pia kwamba bwenini huwa kuna moja imefichwa, ndani ya unga au chini ya godoro la mtu, inazungushwa kwa zamu usiku chini ya shuka. Sitakuapisha kwamba hutaigusa, maana sitaki uanze kunidanganya wiki ya kwanza. Ila kumbuka kwamba simu hiyo ina mwenyewe. Ukiingiza neno lako la siri humo, umemwachia. Ukisahau kutoka kwenye akaunti yako, aliyefuata kwenye zamu amekuwa wewe. Na ukikamatwa nayo, nipigie mwenyewe kupitia kwa matroni kabla shule haijanipigia. Nitakuja. Nitafoka njia nzima kwenye basi, lakini nikifika kwako nitakuwa nimemaliza.

Na wewe pia, mwanangu, usije ukawa hofu ya mtoto wa mwenzangu. Unakumbuka yule msichana wa darasani kwenu aliyechafuka sketi, mtu akampiga picha kwa nyuma, ikazunguka darasa zima? Wewe hukuirusha, najua. Ila uliweka kile kikatuni cha kucheka. Mama yake alikuja hapa kunishonesha sketi nyingine, akasema nishone ya rangi nzito iwezekanavyo, mtoto amegoma kwenda shule. Nilipokuuliza ulisema, "Si kila mtu alicheka?" Wakati ule wewe mwenyewe ulikuwa bado hujapatwa na lako. Leo nadhani usingecheka.

Jana nusura nikuambie usiende. Nilikuwa nimekaa nakuangalia unakunja shuka, maneno yamenifika mdomoni kabisa: baki, utasoma hapa mjini, nikuone kila jioni. Kila mtu anashangilia lile daraja la Busisi. Zamani tukisafiri tulikuwa tunasubiri kivuko mpaka tunanunua mahindi mara mbili, na kesho basi lenu litapita juu ya maji bila hata kupunguza mwendo. Mimi nawaza kwamba na yeye atapita haraka vilevile. Ndivyo kichwa changu kilivyo siku hizi. Nikiona mwanamume amesimama na simu hapo nje naangalia viatu vyake, sijui hata natafuta nini.

Lakini nikikubakiza, nitakuwa nimekufungia wewe ndani na kumwacha yeye anatembea. Nenda. Naogopa na bado nakuambia nenda. Kitu kimoja tu ndicho ninachokiogopa kuliko yeye, nacho ni kwamba siku likikupata jambo utakumbuka ile sura yangu na ile pasi, utasema moyoni, "Kwa mama hapana." Hapo ndipo atakapokuwa amenishinda. Kwa hiyo ikitokea, hata kama kosa ni lako, hata kama umetuma kitu ambacho kweli ni cha kwako, tafuta simu yoyote ya mtu mzima unayemwamini unipigie. Siku hiyo usiniamkie. Usiulize za nyumbani. Sema tu, "Mama, njoo," nami nitauliza uko wapi, na sitauliza kingine mpaka nikushike mkono.

Nilikuwa nimepanga barua hii niifiche katikati ya shuka zako, uikute ukishafika bwenini. Nikaona hivyo ndivyo wazazi wanavyofanya, mtoto asome akiwa mbali, alie kidogo, aikunje. Sasa naandika huku nasikia sauti yako nje, umerudi, Shija anakupiga makofi kichwani nawe unapiga kelele. Na nimebadili mawazo. Miezi ile yote ulikuwa unasoma mambo ya kutisha peke yako, umejifunika shuka, na mimi niko chumba cha pili nahesabu vifungo. Hii hutaisoma peke yako. Namaliza mstari huu, nafunga duka, nakuja nayo chumbani kwako sasa hivi. Nitakaa hapohapo ukisoma, na ukifika mahali pa kunikasirikia, nikasirikie nikiwepo.

Nisogezee nafasi kitandani.

Mama yako